Kugonga Mara Mbili

Jumatatu, 5 Agosti

Vumbi tena. Nimenyunyiza maji sakafuni kabla ya kufungua kompyuta hata moja, na bado. Upepo wa mwezi huu hauna adabu. Mwanaidi, fundi mwenzangu hapa dukani, kaja na vitumbua alivyoninunulia mimi, kisha kavila karibu vyote mwenyewe.

Chuo kimoja mjini kinatafuta fundi wa maabara ya kompyuta. Hawataki maneno mengi, wanashindanisha watu. Kila mtu meza yake na vipande vyake. Atakayeunganisha kompyuta na kuiwasha wa kwanza, kazi ni yake. Tumejiandikisha wote wawili. Nafasi moja. Tumecheka sana, ila mimi nimecheka kwa mdomo tu.

Jumatano, 7 Agosti

Mazoezi baada ya kufunga duka. Kanishinda. Jana pia. Yeye ana kasi, mimi nina hasira.

Hata kwenye mazoezi tumefuata desturi yetu. Hapa dukani mtu hawashi mashine aliyoiunganisha mpaka mwenzake aitazame. Akiona kosa hasemi, anagonga meza mara mbili kwa mpini wa bisibisi. Asipogonga, washa. Tulianza baada ya kuunguza madabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta ya mteja, tukaona aibu kukosoana mbele za watu. Sasa mikono inagonga yenyewe.

Alhamisi, 8 Agosti

Sikukuu ya wakulima. Mtaa wetu mzima wa Nkuhungu uko kwenye maonyesho, sisi tumejifungia na skrubu. Mwanaidi kampigia simu mwanawe Rahma, anayelelewa na bibi yake Kondoa. Kamwambia, "Mama akipata kazi, unakuja kusoma huku."

Sikupenda kusikia. Mimi sina mtoto. Naitaka kazi kwa sababu nimechoka kula vumbi, na nimechoka kuwa wa pili kwake. Huo ndio ukweli.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimeshinda.

Jumapili, 11 Agosti

Jana sikuweza kuandika zaidi.

Ukumbi wa marumaru, safi, hakuna vumbi hata la dawa. Meza yangu na ya Mwanaidi ziliwekwa jirani. Filimbi ikalia. Nilikimbiza mikono tangu skrubu ya kwanza. Nikiwa naelekea kufunga kava, nikasikia bisibisi yake: ko, ko. Hakuinua hata uso. Nikatazama ndani. Waya wa umeme wa prosesa ulikuwa unaning'inia. Nikauchomeka. Wasimamizi hawakuelewa kitu, nani asiyegonga meza akiwa na haraka?

Kisha nikaona yake. Kipande cha memori kilikuwa kimekaa upande mmoja, upande wa pili umeinuka. Kitu cha kubonyeza kwa kidole gumba. Bisibisi ilikuwa mkononi mwangu.

Alimaliza kabla yangu. Kabla ya kuwasha alinigeukia, kama tunavyofanya dukani. Akasubiri kidogo. Sikugonga. Akawasha.

Feni ikazunguka, skrini ikabaki nyeusi. Akaanza kupekua nyaya. Yangu ikawaka. Watu wakapiga makofi na mimi nikanyoosha mikono juu. Niliinyoosha kweli.

Jumanne, 13 Agosti

Mama kapiga simu kutoka Mvumi. Kanisani wameambiwa, wameniombea. Nikaitikia amina, nikakata simu upesi.

Mwanaidi hajanuna. Afadhali angenuna. Kasema tu, "Hongera shoga, usitusahau huko kwenye kiyoyozi." Mchana nilimsikia kwenye simu na Rahma. Alimwambia avumilie kidogo.

Jumatano, 21 Agosti

Nimemwambia. Nilichagua wakati hakuna mteja. Nikasema, "Memori yako, niliiona."

Akasema, "Najua. Nipe hiyo skrubu ndogo."

Nikampa. Kwisha. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nimejiandaa hata kulia. Skrubu sikuwa nimejiandaa nayo. Nilifikiria kwenda chuoni kuikataa kazi. Sijaenda. Najijua, sitaenda.

Ijumaa, 30 Agosti

Siku yangu ya mwisho dukani. Jumatatu naanza chuoni.

Nimenyunyiza maji sakafuni mapema. Nimeunganisha mashine ya mwisho, ya mwalimu mmoja wa sekondari. Nilipomaliza sikuinua uso, niliona haya. Mwanaidi akaacha chai yake, akaja, akainama kuitazama. Ko, ko. Nilikuwa nimesahau waya wa feni. Nikauchomeka, akarudi kwenye chai.

Mchana akamaliza ya kwake. Akanigeukia, akasubiri, kama siku zote. Nikasimama na bisibisi yangu. Nikatazama memori, nyaya, prosesa, skrubu moja moja. Nikarudia. Nilitafuta kosa lolote nipate kugonga.

Halikuwepo. Akawasha.