Tunasoma kwa Zamu

Mdogo wangu mpenzi,

Kifua bado kinanisumbua, na daktari ameacha kunidanganya. Nina la kuungama kabla sijaondoka.

Jirani yangu fundi cherehani, aliyefiwa na mkewe, huja tusome riwaya ya mapenzi, iliyoandikwa yote kwa barua na barua pepe. Yeye husoma za mwanamume, mimi za mwanamke. Jana alisoma barua ya kuomba ndoa, hata kama itadumu wiki moja tu. Nikatafuta jibu langu, sikuliona.

“Wee mzee, hii haimo kitabuni!”

“Najua, bibie. Wewe jibu tu.”

Nilicheka hadi nikakohoa, kisha nikakubali. Tunafunga ndoa Jumamosi. Wanangu watasema nimezeeka vibaya. Njoo uwanyamazishe, maana pumzi iliyobaki naitaka ya kusomea.

Dada yako mkubwa