Lenzi ya Baba Sumire

Jumanne, 18 Septemba 2018

Akiho amejibu! Wiki nzima nimekuwa nikiichungulia simu kama mwizi, na leo, niko juu ya lifti ya watu na grisi imenifika viwikoni, ndipo ujumbe unaingia. Ninaweza kwenda. Siku ya michezo shuleni kwa Sumire, huko Gifu, Jumamosi tarehe kumi na tatu mwezi ujao. Atanitumia kadi ya mzazi ya kuvaa shingoni.

Ila kuna masharti. Nisikaribie mkeka wao wa kukalia uwanjani. Wazazi wake watakuwepo, na hataki mtoto ale chakula cha mchana katikati ya watu wasiosalimiana. Nikae upande wa pili wa uwanja, nje ya uzio wa waya, karibu na bwawa la kuogelea. Picha nipige nitakavyo.

Sawa. Sawa kabisa! Tumeachana huu mwaka wa tatu, na michezo ya mwaka jana na mwaka juzi niliisikia tu. Sumire sasa yuko darasa la tano. Mara ya mwisho kumwona ilikuwa Machi. Mara zamu zangu za Jumapili, mara mafua yake, mara zamu tena.

Nimeitoa kamera kabatini. Lenzi imeota kuvu ndani, utando mweupe kama wa buibui. Na hata ingekuwa safi, ni fupi. Kutoka kwenye uzio ule mtoto atatoka mdogo kama punje ya mchele.

Jumamosi, 22 Septemba

Nimekwenda Osu, mtaa wa maduka hapa Nagoya, kwenye duka la kamera za mtumba lililo juu ya duka la vitafunio. Muuzaji ni mama mmoja wa makamo, Bi Tokue, miwani kwenye kamba, mdomo hauna breki.

Kaniuliza napiga picha za nini. Nikasema mtoto, akikimbia. Lakini pia akiwa amesimama karibu, akicheka, akila... lolote litakalotokea. Nataka lenzi moja ifanye yote na isinifilisi.

"Kila baba anataka hiyo," kasema. "Na kila mke anataka mume wa namna hiyo."

Kaniwekea mbili mezani. Ya kwanza inavuta vitu vya mbali mpaka milimita mia na thelathini na tano. Kali, nyepesi, bei ya huruma. Ya pili inakwenda mpaka mia tatu, ya kampuni isiyo na jina kubwa, nzito kidogo, na ukiivuta mpaka mwisho inakuwa na giza na picha inalegea pembeni. Tena ukiiinamisha inateremka yenyewe taratibu, kama suruali isiyo na mkanda. Yeye kashauri ile ya kwanza. Nikamuuliza, je, mtoto akiwa mbali?

"Si una miguu? Msogelee."

Nikacheka. Nikasema nitafikiri. Nimetoka bila kununua chochote, nimekula yakisoba, tambi za kukaanga, nikiwa nimesimama, na hata ladha yake siikumbuki.

Jumatano, 26 Septemba

Silali vizuri. Nasoma maoni ya watu mtandaoni juu ya lenzi hizo mbili. Mmoja anasema ya mia tatu ni takataka. Mwingine kapiga nayo picha za ndege wa mto mzima na anamshukuru Mungu. Nani nimwamini? Wote wanaandika kama waliotukanwa.

Wakasugi, tunayefunga naye lifti, kachoka na mimi. Leo nilimshikisha tochi huku nikimweleza habari za giza la mia tatu.

"Makabe, ndugu yangu, unanunua lenzi au unaoa?"

Yeye ana lenzi moja nyeupe kubwa kama chupa ya pombe ya sake, ya kupigia picha treni. Anasema mtu mwenye akili angechukua ile fupi, kisha akate picha kwenye kompyuta. Halafu kauliza kwa nini nisisogee tu mbele, si wazazi wote huwa wanasukumana pale kwenye mstari? Nikamwambia nina kasehemu kangu. Kanirudishia tochi.

Jumamosi, 29 Septemba

Nimenunua ya mia tatu.

Bi Tokue kasikitika kama daktari. "Mita ngapi kwani? Ni mtoto au ni tai?" Nikajikuta namwambia yote, pale pale mbele ya kabati la vioo: Akiho, mkeka, uzio. Sijui kwa nini. Hakunipa pole. Kaifuta lenzi upya kwa kitambaa, mbele na nyuma, kanionyesha namna ya kuibana isiteremke, akapunguza bei bila kuombwa.

"Basi chukua hiyo, baba. Hiyo fupi ni ya watu wenye mkeka."

Nimefika nyumbani nimeelekeza kamera dirishani. Nguo za jirani kwenye kamba ng'ambo ya barabara: nazisoma hadi vibanio! Nimefurahi kama mtoto mwenyewe.

Jumapili, 7 Oktoba

Nilitaka kujizoeza kufuata kitu kinachokimbia. Nikaenda ukingoni mwa mto, watoto wanacheza besiboli. Nimepiga kidogo tu, mama mmoja kanijia. Mpole, anatabasamu, lakini kasimama katikati yangu na uwanja.

"Samahani, wewe ni baba nani?"

Nikasema mimi ni baba Sumire. Kasema hapa hakuna Sumire. Nikasema ndiyo, yuko Gifu. Nilivyokuwa najieleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mhuni! Nimefuta picha zote mbele yake, nimeinama mara nyingi kuomba radhi, nimeondoka. Jioni nimejizoeza kwa kupiga baiskeli zinazopita barabarani.

Ijumaa, 12 Oktoba

Kadi imefika. Nyekundu, kamba ya bluu, imeandikwa "Mzazi". Nimeivaa nikipika wali.

Akiho kaandika: Sumire yuko timu nyeupe, atakimbia mita mia za darasa la tano, asubuhi. Basi. Nyeupe maana yake kofia nyeupe. Nusu ya shule ina kofia nyeupe, na wote fulana zilezile na kaptula zilezile. Si neno. Ana mikia yake miwili ya nywele, nitamjua hata gizani.

Kesho mvua, wanasema. Isinyeshe. Isinyeshe!

Jumamosi, 13 Oktoba

Imenyesha. Imeahirishwa hadi kesho.

Kesho Jumapili. Zamu yangu. Nimempigia Wakasugi alfajiri, hata sikumaliza kueleza. "Nenda, baba Sumire. Lifti hazina mbio."

Jumapili, 14 Oktoba

Nimekaa nyuma ya bwawa la kuogelea, nakula onigiri, tonge la wali la dukani. Naandika upesi kwa kuwa moyo hautulii.

NIMEMPATA! Jua safi, uwanja bado una unyevu, vumbi hamna. Nilishika nafasi yangu kwenye uzio mapema, ncha za waya zikinichoma tumbo. Upande wa pili mikeka ya bluu imepangana, na mkeka wao nimeuona, baba yake Akiho na kofia yake ya uvuvi. Hakutazama huku. Vizuri.

Darasa la tano lilipopangwa nilivuta lenzi mpaka mwisho. Kofia nyeupe, kofia nyeupe, kofia nyeupe... halafu mikia miwili! Kundi la tatu. Amerefuka! Anakimbia kama mimi, viwiko nje kama kuku. Nikabonyeza kitufe wala sikukiachia. Amekuwa wa pili. Nimepiga kelele peke yangu, mzee wa jirani kwenye uzio kanipongeza, kauliza ni wangu yule, nikasema ni wangu.

Baadaye nikamfuata kila alipokwenda. Akinywa maji. Akicheka na wenzake. Akifunga kamba za viatu. Lenzi hii ni dhahabu, Bi Tokue na giza lake anisamehe. Kidogo tu nikose ile picha ya kamba za viatu: mtoto mmoja alikuja kusimama palepale kwenye waya, mbele yangu kabisa, kidirisha chote cha kamera kikajaa ukungu mweupe. Sikutoa jicho. Nikampungia mkono apishe, apishe, akapisha. Watoto wa shule hii hawana habari kabisa na mtu anayepiga picha.

Sumire sijamsalimia. Masharti ni masharti. Lakini nimekuwa naye asubuhi nzima, hakika nimekuwa naye.

Jumapili hiyohiyo, ndani ya treni ya kurudi Nagoya

Nimepata kiti. Nimeanza kuzipitia picha kwenye kioo cha kamera, moja moja, nikizikuza.

Mbio. Viwiko. Uso umetoka vizuri sana, kila unywele. Nikaona kidevu si chake. Nikasema mtoto hubadilika, Machi mpaka leo ni mbali. Nikakuza zaidi. Kifuani, kwenye kile kitambaa cha jina wanachoshonewa wote. Herufi zinasomeka wazi, lenzi kali namna hii!

Hosokawa.

Si jina letu, wala la akina Akiho. Nikaenda picha inayofuata. Hosokawa. Akinywa maji, Hosokawa. Kamba za viatu, Hosokawa. Asubuhi nzima. Nilijivunia mbele ya yule mzee. Nimempiga picha mtoto wa watu kuanzia kichwani hadi soli.

Nikajiambia lazima Sumire yumo mahali, nyuma, pembeni. Natafuta mikia miwili kwenye kila kona. Hamna mwingine mwenye mikia miwili.

Ndipo ujumbe wa Akiho ukaingia. Nanakili, kwa sababu nikiusoma kwenye simu macho yananiruka:

"Asante kwa kutuachia nafasi leo. Nilimruhusu Sumire aje uzioni kukusalimia, aliniomba sana. Amerudi kimya. Anasema ulimfukuza kwa mkono. Anauliza ni kwa sababu amekata nywele? Nimemwambia haiwezekani. Anataka kuona picha zake za mbio, alikuwa wa kwanza kundi lake. Utume akiwa bado macho."

Wa kwanza.

Nimerudi kwenye picha ya kamba za viatu. Kabla yake iko moja niliyoiruka, nilidhani imeharibika. Kidole changu kilikuwa bado kimebonyeza. Nyeupe tupu, na kitu cheusi kifupi juu, na upande wa kulia doa la rangi ya ngozi, limeinuliwa. Nimelikuza. Hakisomeki chochote. Ni mkono. Alikuwa amesimama mbele yangu kiasi cha kumgusa, ananipungia, na mimi nilikuwa nimevuta mpaka mia tatu.

Hiyo ndiyo picha pekee ya mwanangu niliyonayo.

Nimeandika: mwambie baba hakumwona. Nimefuta. Nani ataamini, na kamera kubwa vile? Nimeandika: nimependa sana nywele zake. Nywele zipi! Nimefuta. Nikaipiga kwa simu ile picha nyeupe kwenye kioo cha kamera, nikaangalia kidole changu juu ya neno "tuma", nikakiondoa.

Simu inatetemeka. Jina ni la Akiho, lakini Akiho hanipigii kamwe, huwa anaandika tu.

Behewa limejaa. Hapa hakuna anayepokea simu ndani ya treni, mimi mwenyewe huwatupia jicho baya wanaopokea. Mama mkabala nami ameshanitazama. Nimesimama nimeegemeza mgongo mlangoni, daftari kiganjani, kituo hakitokei. Imekata.

Inatetemeka tena.