Nafasi Moja Mindu

Guangzhou, 8 Juni 2025

Mpendwa mwanangu Loyce,

Kosa la washabiki wengi ni kumsajili mchezaji kwa mayowe. Wanamwona kijana mrefu, anaruka, anatia mpira kikapuni kwa mkono mmoja, jukwaa zima linasimama, basi, wameshamchagua. Hawaulizi anafanya nini mpira ukiwa kwa mwenzake. Na katika mechi, mwanangu, mpira huwa kwa wenzake karibu muda wote.

Naona nimeanza kufundisha kabla ya salamu. Ndiyo hasara ya mtu kuishi peke yake, anasahau kwamba mazungumzo yana mlango. Hujambo? Mdogo wangu, baba yako, mgongo wake unaendeleaje? Mimi sijambo. Joto la hapa limeshaanza, lile lenye unyevu, shati linalowa kabla sijafika kituo cha treni. Kazi ya kuwanunulia vitambaa wafanyabiashara wa nyumbani inakwenda, si kwa mbio, lakini inakwenda. Tangu mama yako mkubwa Agripina afariki, wateja wake hawajaniacha, ingawa najua wananiagiza kwa heshima yake kuliko kwa ujuzi wangu.

Nimeziangalia video za vijana mnaowafikiria kwa timu ya chuo, msimu wa Oktoba. George ni mrefu kweli. Rahim anapiga vizuri kutoka mbali. Lakini kumbuka kwamba video ya namna hiyo imekatwakatwa: mipira iliyoingia imebaki, iliyokosa imetupwa. Omba mechi nzima. Kisha usiangalie mwanzo, angalia robo ya tatu, watu wanapochoka na kuacha kujipendekeza.

Kuna kijana mmoja hapa, anacheza kwenye uwanja wa saruji nyuma ya mabweni ya chuo chao. Juzi alinyang'anywa mpira. Wenzake walisimama wakamlalamikia mwamuzi, na kumbe hakuna mwamuzi, wanacheza wenyewe kwa wenyewe. Yeye alikuwa ameshafika chini ya kikapu chake, amekunja magoti, anawasubiri wapinzani. Jambo kama hilo sijapata kulifundisha nikafaulu, na nilifundisha miaka mingi.

Naandika kwa kalamu na kukutumia picha ya karatasi kwa sababu kwenye simu mtu huandika "poa" akadhani ameandika. Msalimie kila anayeniulizia. Asiyeniulizia msalimie pia.

Baba yako mkubwa,
Elinami


Morogoro, 15 Juni 2025

Shikamoo Baba mkubwa,

Sisi wazima. Mgongo wa Baba umetulia, ila anautumia kukwepea vikao vya harusi. Huku baridi imeingia, asubuhi mlima hauonekani, wanafunzi wangu wa uhasibu wanakuja darasani wamejifunga mashuka.

Barua yako niliisoma kwa sauti kwenye kikao cha kamati ya washabiki, palepale kwenye saluni ya Chacha. Pale kwenye "mayowe" wote wakamgeukia Chacha, maana George ni mtu wake. Nikamwambia, haya, fuata desturi. (Unaikumbuka, wewe ndiye uliyeianzisha ulipokuwa mwenyekiti: anayeleta jina awe amekula na kijana meza moja, na aanze kwa ila yake kabla ya sifa.)

"Taja ila," nikamwambia.

"George? Anakula sana."

"Hiyo si ila, hiyo ni afya."

"Basi hana ila."

Mtu akadakia kutoka kwenye kiti cha kunyolea, sabuni bado iko kidevuni, "Chacha, hata wewe unakula sana na hatujakusajili!" Kikao kikaishia hapo.

Hali yenyewe lakini si ya kucheka. Chuo chetu cha Mindu kimetupa nafasi moja tu iliyobaki yenye ada na kitanda, miaka mitatu, mpaka shahada. Usajili unafungwa Ijumaa ya mwisho ya Agosti. Warefu tunao. Wapigaji tunao. Hatuna mtu wa kugawa mipira. Msimu uliopita ulitazama ile mechi ya mwisho kwa simu, uliona: watu watano, kila mmoja ana mechi yake. Mindu ikishika mkia tena, mkuu wa chuo amesema timu ya kikapu inafutwa, uwanja unageuzwa maegesho.

Huyo kijana wa nyuma ya mabweni ni nani?

Mwanao,
Loyce


Guangzhou, 29 Juni 2025

Mwanangu Loyce,

Nimefurahi kusikia mko salama. Mimi mzima, isipokuwa goti, nalo ni la umri, halihitaji daktari, linahitaji lifti, na lifti ya jengo letu imeharibika.

Habari ya uwanja kugeuzwa maegesho imenikaa kifuani. Saruji ile tuliimwaga wenyewe. Basi tufikiri vizuri. Mgawaji wa mipira hatambulikani kwa mikono, hutambulikana kwa shingo. Mtazame kabla hajapokea mpira. Kama ameshageuza shingo na kuona nani yuko wapi, huyo ni mgawaji. Kama anapokea kwanza ndipo anatafuta, huyo atawachelewesha daima. Nendeni kwenye mashindano ya sekondari mkatazame shingo.

Hapa siku zinafanana. Jumapili natoka kanisani, nakula na yule kijana kwenye mgahawa mmoja wa mtaa wa Dengfeng. Yeye ni Mwislamu wa Tanga, chakula cha pale kinamfaa, na mimi wali wao wa nazi unanifaa. Wiki iliyopita nilimchukua Zhongda, kwenye soko la vitambaa, anitafsirie. Mteja wangu alitaka kitambaa cha rangi ya samli. Laoban, yaani mwenye duka, akasema "meiyou", neno lao la kusema hakuna, ambalo hulisema hata kama kitu unakiona. Kijana akamwambia maneno mawili matatu, wakacheka, kitambaa kikatoka chini ya meza. Kisha laoban akanitazama, akauliza jambo. Kijana akajibu haraka.

"Kasema nini?" nikamwuliza.

"Kauliza kama mimi ni mwanao."

"Ukamjibuje?"

"Nimesema ndiyo. Akijua ni baba na mwana anashusha bei."

Akashusha kweli. Njia nzima ya kurudi nilitazama nje ya dirisha la treni, na yeye akadhani nimekasirika, akaniomba radhi.

Umeniuliza ni nani. Ni mwanafunzi tu, wako wengi hapa. Anamaliza diploma ya ugavi Julai hii, na Septemba ataanza kazi kwangu. Nimeshazungumza na kampuni moja ya usafirishaji itakayomshughulikia kibali. Kwa hiyo yeye tumwache.

Baba yako mkubwa,
Elinami


Morogoro, 6 Julai 2025

Shikamoo Baba mkubwa,

Pole na goti. Pole na lifti. Usipande na mizigo.

Safari hii barua yako sikuwasomea kamati. Niliisoma peke yangu, nikairudia. Umeandika mengi kuhusu huyo kijana kuliko ulivyoandika kuhusu George na Rahim wakiwekwa pamoja, na bado hana jina. Wewe, mtu anayekumbuka majina ya wanafunzi wake wote, mpaka wa darasa la asubuhi na la jioni!

Niulize kwa adabu, na ukiona nimevuka mpaka unirudi kama mwanao. Je, anajua kwamba Mindu kuna nafasi? Ada, kitanda, shahada ya ugavi uleule anaousomea? Je, umemwambia akakataa, au hukumwambia?

Anayetaka kazi afanye kazi, si vibaya. Lakini mtu huchagua akiwa na vitu viwili mbele yake.

Najua ninachokuuliza. Mama mkubwa hayupo, na Jumapili ni ndefu. Najua.

Mwanao,
Loyce


Morogoro, 3 Agosti 2025

Shikamoo Baba mkubwa,

Natumaini u mzima. Juzi uliweka picha ya uwanja wa saruji, mvua imeujaza maji, kwa hiyo najua upo, na najua bado unakwenda kutazama hata siku ambayo hakuna anayecheza.

Mwezi sasa hujaandika. Baba anauliza, namwambia mtandao unasumbua. Si tabia yangu kumdanganya.

Kamati imekutana tena. Rahim amepata chuo kingine. Chacha amesema jina lisipoletwa, George anaingia, na mimi sina la kumpinga. George ni kijana mzuri, na hatatusaidia. Oktoba tutakuwa na minara mitano imesimama inasubiri mpira wa kutoka mbinguni.

Lakini hata hilo si kubwa, Baba mkubwa. Timu ikifutwa tutalia, tutazoea. Kijana wa miaka ishirini akikosa shahada kwa sababu hakuna aliyemwambia mlango uko wazi, hatazoea, kwa sababu hatajua hata kwamba alikosa. Wewe ndiye utakayejua. Utakula naye kila Jumapili ukijua.

Nimekuandikia kwa ukali. Nisamehe. Niandikie hata neno moja.

Mwanao,
Loyce


Guangzhou, 24 Agosti 2025

Mpendwa Loyce,

Hujambo, mwanangu? Na mgongo wa baba yako? Mwambie haukuwa mtandao.

Mimi nina afya. Barua zako mbili ziko mezani, nimezichapisha kwenye duka la simu hapo chini ili nizishike mkononi. Sikukasirika. Nilianza kukujibu mara kadhaa, na kila mara nilijikuta nakueleza habari za ulinzi wa kanda uwanjani, jambo ambalo hukuniuliza.

Hapana, sikumwambia. Sasa nimemwambia. Ni leo, mchana, Dengfeng, baada ya kula. Nilimweleza yote kama ulivyoyaandika: ada, kitanda, miaka mitatu, shahada, na timu inayoweza kufutwa akiwa ndani yake. Nikamweleza na mlima, maana ni haki ajue anakwenda kuishi chini ya nini. Akasikiliza, anazungusha kijiko kwenye kikombe kitupu.

"Mzee, wewe unataka niende?"

"Nakuuliza wewe."

"Mimi nitafanya utakavyosema."

"Abass, nakuuliza unataka nini."

"Sawa, mzee. Utakavyosema."

Hapo ndipo nilipoisikia sauti ile, Loyce. Mwezi wa tano nilipomwambia habari ya kazi, alijibu "sawa, mzee" hivyohivyo, nami nikaenda nyumbani nimefurahi kwamba kijana amechagua kukaa. Hakuwa amechagua kitu. Mimi ndiye niliyechagua, yeye akaniitikia.

Nikabadilisha swali. Nikamwuliza alimwambia nini mama yake kuhusu kazi. Mwenye mgahawa akaja kuondoa sahani, kijana akamsaidia kuzipanga, kisha akajibu.

"Nilimwambia nimepata kazi. Akasema alhamdulillahi. Halafu akauliza, na shahada je? Nikasema simsikii vizuri, nikakata."

"Ulikuwa unamsikia?"

"Nilikuwa namsikia."

Nikalipa chakula. Tulitembea hadi kituoni. Akanibebea mfuko kama kawaida, akasema tuonane Jumapili, nikasema tuonane.

Basi naleta jina kwenye kamati, na naanza kwa ila, kama desturi inavyotaka. Jina ni Abass, wa Tanga. Ila yake ni kwamba hawezi kumkatalia mtu mzima. Usiichukulie kuwa ni adabu tu, ukacheka. Kocha akimwambia acheze na kifundo kilichovimba, atacheza. Mwalimu akimtuma wakati wa mazoezi, atakwenda. Mtu mpweke akimwomba abaki, atabaki, na hatasema hata siku moja kwamba ilimgharimu. Awepo mtu pale Mindu wa kumwuliza mara mbili, na kusubiri jibu la pili. Mtu huyo uwe wewe. Mimi nimeshindwa kuwa huyo.

Sifa zake sitazitaja. Mtaziona robo ya tatu.

Umeniambia zamani nije nyumbani. Mwaka huu siji. Nyumba yangu ya huko ina wapangaji, mzigo wa wateja unapakiwa bandarini Huangpu mwezi ujao, na ukweli ni kwamba nikipanda ndege moja na yule kijana nitakuwa nimemfuata, sitakuwa nimemwachia. Mwambie Chacha asinune. George awekwe akiba, mwakani atafaa, akifundishwa kugeuza shingo.

Ukimpigia, Abass atakwambia amenipa ahadi. Mwambie mzee ameifuta mwenyewe. Atasema ataniuliza kwanza. Usimruhusu aniulize. Mwambie ampigie mama yake, kisha akujibu wewe. Nasema hivi kwa sababu najijua: Jumapili ijayo tukikaa tena meza moja, naweza kutamka neno dogo tu, kwamba mvua hapa huisha Oktoba, au kwamba goti linauma, naye atalitii.

Usajili unafungwa Ijumaa. Hapa ni jioni, huko bado ni mchana.

Baba yako mkubwa,
Elinami

Namba ya Abass iko kwenye picha ya pili. Mpigie leo.