Nilimhoji Mama Mkwe Kuhusu Uzazi

Bi. Nuha mpendwa,

Mke wangu Kavutha alinipigia simu jana akiwa kwao Muthetheni, akasema hatarudi nyumbani kwetu Syokimau mpaka mama yake atulie, na kwa sasa mama ananiita "yule wa maswali". Naomba msaada, ingawa kosa ni langu lote.

Nimekuwa mwandishi wa habari miaka ishirini, nimewahoji maaskofu na wezi wa ng'ombe bila kutetemeka, basi chuo kikuu kilipoanza kujenga kituo cha utafiti wa idadi ya watu, familia na afya hapa Machakos nikaajiriwa kusimamia mahojiano ya majaribio, na boma za kuhojiwa zilipochaguliwa kwa kura ikatokea ya wakwe zangu, na Daktari Loise, mkuu wetu, akaniambia, "Mumo, hiyo mpe Nzisa, yeye ni mwanamke na si mkwe wa mtu pale," nami nikajibu mbele ya wote, "Sayansi haina mama mkwe." Watu walicheka. Nilidhani wananisifu.

Nikaenda. Mama alikuwa akimenya mbaazi na majirani, nami, Mkamba niliyelelewa kwa nthoni, ile heshima inayonikataza hata kumkazia macho mama mkwe, nikavuta kiti nikamuuliza amebeba mimba ngapi, ngapi ziliharibika, na yeye na mzee walipangaje uzazi. Akajifunika uso kwa leso. Jirani mmoja akasema, "Wui, mkwe! Si umalizie, uulize wanalala upande gani?" Nami, Bi. Nuha, nikamjibu kwamba swali hilo halimo kwenye fomu.

Sasa nataka kwenda na Daktari Loise amweleze mama umuhimu wa kituo. Kavutha anasema nikithubutu, nibaki na huyo daktari. Nifanyeje?

Mumo, Syokimau

*

Mumo,

Pole, ila si sana. Kituo ni kitu chema. Nilimzika wifi yangu aliyefariki akijifungua, na hadi leo hakuna aliyekuja kutuuliza kwa nini. Maswali hayo lazima yaulizwe. Hayakulazimika kuulizwa na wewe, tena mbele ya majirani. Hata mgeni kabisa huomba faragha kwanza. Ulitaka kuonekana shujaa, na aliyelipia ushujaa wako ni mama wa watu, aliyeaibishwa uani kwake.

Daktari mwache ofisini. Ukienda naye utakuwa umekwenda kushinda mabishano. Mama hajauliza kituo kina faida gani. Anataka kujua kama bado ana mkwe.

Kama alijibu lolote, lifutwe leo, na Kavutha aambiwe limefutwa. Boma hiyo isihojiwe tena, kura au si kura. Kisha mtafute mzee aliyekwenda kukuposea, maana ukweni mwenye kosa hajisemei. Mbuzi awepo, na asiwe yule anayechechemea unayemfikiria. Mkifika, mzee azungumze, wewe unyamaze. Kwa kazi yako, najua hilo litakuuma kuliko mbuzi.

Mzee ampigie baba mkwe simu Alhamisi. Akikubali, mfike Jumamosi saa nne asubuhi, na wewe ubaki nje ya lango hadi uitwe, hata ikiwa ni saa kumi.