Simu Uliyonirekebishia, Baba

Makambako,
Jumapili, baada ya ibada.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Pokea pamoja nayo salamu za upepo wa hapa, ambao leo umenivua kitambaa kichwani mbele ya wazee wa kanisa wote. Mimi ni mzima, nakula vizuri na mafua yameisha. Wasiwasi wangu ni goti lako na baridi ya huko nyumbani Matamba. Je, siku hizi unafika mwenyewe kwenye kamba ya kengele ya kanisa, au bado unamtuma mtu avute nawe umesimama pembeni unasema "vuta, vuta"? Na kifua cha Mama kimepoa? Mwambie asitoke asubuhi kabla ukungu haujaondoka shambani.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Wewe mwenyewe ulisema habari ya kwenye simu inaisha salio likiisha, na habari kubwa huandikwa ili isomwe mara mbili. Basi hii ni kubwa. Vuta kigoda, mwite Mama, soma kwa sauti, na ukifika mahali pa kuona aibu usiruke mstari.

Kwanza niungame. Miezi minane umewaambia watu wa kanisani kwamba binti yako Edina ni fundi wa kufuma masweta Makambako. Baba, nilikuwa sijafuma hata soksi. Karakana yetu inafuma masweta ya shule kwa mashine, ni kweli, lakini mimi nilikaa kwenye kona karibu na mlango kutwa nzima nikiviringisha nyuzi kwenye koni ili wenye mashine wafume. Kila ulipouliza, "Umeshafuma mangapi?" nilijibu, "Kazi inaendelea, Baba." Ilikuwa inaendelea kweli, ila ya wenzangu. Siku Mama aliponiambia umemwahidi mchungaji kwamba nitamfumia sweta, nilikosa hamu ya kula. Sikutaka uonekane mwongo kwa ajili yangu.

Sasa, hivi karibuni dada mmoja wa mashine namba tatu aliolewa, akahamia Songea. Jumatatu ya wiki ile msimamizi wetu, Mama Mgaya, akaniita pembeni.

"Edina, namba tatu ni yako," akasema. "Lakini kuna jambo."

Jambo lenyewe ni kwamba vipimo vya shule na mitindo ya masweta haviandikwi tena kwenye daftari. Mwenye karakana ameleta programu ya simu, na kila fundi anapokea kazi yake humo.

"Asiye nayo hakai kwenye mashine. Ijumaa mchana napita naangalia simu moja moja. Wewe usipokuwa nayo namweka mwingine, unarudi kwenye koni zako. Umenielewa, mwanangu?"

"Nimeelewa, Mama."

Nilitoka pale nikicheka peke yangu, maana simu ninayo. Ninayo ile uliyoninunulia ulipouza viazi, ukanikabidhi mbele ya Mama, ukasema nisiende ugenini bila simu ya maana.

Nikueleze kidogo. Ndani ya simu kuna mahali panaitwa duka la programu. Usishtuke kusikia duka, mengi ya humo ni ya bure. Unaandika jina la kitu unachokitaka, unabonyeza, kinashuka chenyewe kwenye simu. Nikabonyeza. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kisha yakatokea maandishi: Hitilafu imetokea, jaribu tena. Nikajaribu tena. Hitilafu. Nikazima simu, nikaiwasha. Hitilafu. Nikatoka nje nikasimama kwenye upepo nimeinyoosha juu kama mtu anayeanua nguo. Hitilafu imetokea, jaribu tena.

Chini ya maandishi hayo kulikuwa na maelekezo kwa herufi ndogo ndogo. Hakikisha una intaneti. Hakikisha simu ina nafasi. Hakikisha saa na tarehe ya simu ni sahihi. Wewe unanijua, nikiandikiwa maelekezo nayafuata moja moja. Nikanunua bando jipya. Nikafuta video zote za kwaya ili kupata nafasi, isipokuwa ile unayopiga kengele umevaa koti la harusi yako. Halafu nikamgeukia Skola, Mbena mmoja mcheshi wa mashine namba mbili, nikamwuliza, "Saa ngapi sasa?"

"Saa tatu kamili," akasema.

Nikaangalia simu yangu. Imeandika 3:00. Tarehe nayo ni ya siku ile ile. Sahihi kabisa! Nikaona hapo sina kosa, nikaendelea kutafuta kwingine. Weka alama hapo, Baba, tutaparudia.

Jumanne nilifuata kila ushauri. Mmoja alisema nitoe akaunti yangu kwenye simu niirudishe. Nikaitoa, na kuirudisha ikawa kazi nyingine, nayo ikagoma. Mwingine akasema tatizo ni laini. Nikabadilisha laini. Jumatano nikaomba ruhusa, nikaenda hadi Njombe kwa fundi simu aliyesifiwa kwamba hakuna simu inayomshinda. Akaishika simu kwa vidole viwili, akabonyeza mara tatu, akasoma ile hitilafu, akanirudishia.

"Dada, hii kimeo. Alikuuzia nani?"

"Sikuuziwa. Nilipewa na baba yangu."

"Basi mzee alipigwa. Simu feki hiyo. Tafuta nyingine."

Mzee alipigwa! Baba, nilitamani kumrushia kile kiti chake. Nilimwambia, "Baba yangu hajapigwa na mtu tangu azaliwe," nikaichukua simu yangu nikaondoka. Hasira ilinishika mpaka nje ya mji, halafu nikalia njia nzima mpaka Makambako. Nililia kwa ajili ya mashine, na zaidi nililia nikikuona vile ulivyoifunga simu ile kwenye karatasi ya khaki ukaipiga fundo kwa kamba ya katani.

Alhamisi nikarudi kuviringisha nyuzi. Jioni tunafunga kazi, simu yangu iko mezani, Skola akapita akaitupia jicho. Akaruka.

"Jamani! Saa tano usiku!"

"Saa tano ya wapi, na jua hilo linawaka?" nikamwuliza.

"Simu yako inasema saa tano."

"Skola, hujui kusoma? Imeandikwa kumi na moja. Ni saa kumi na moja jioni, muda wa kwenda nyumbani."

Skola akatoa simu yake. Imeandika 5:00. Akaangalia yangu, 11:00. Akaangalia uso wangu. Kisha akacheka mpaka akakaa juu ya mfuko wa nyuzi, anapigapiga mapaja kwa viganja.

"Edina wee! Nani amekuwekea saa ya Kiswahili kwenye simu?"

Hapo ndipo nilipoona mlango wa nyumba yetu, Baba, na siku ile ya kuondoka kwangu. Umekaa na simu yangu mapajani, miwani puani, unailaumu. "Hiki chombo kinadanganya. Hii ni saa mbili asubuhi, chenyewe kinasema nane." Ukabonyeza, ukabonyeza, Mama akasema muache mtoto asije akachelewa gari, ukasema haondoki mtu na saa mbovu kwenye nyumba ya mpiga kengele. Sijui ulipitia wapi, lakini ulifika ndani kabisa ukaizima ile sehemu ya simu kujipangia saa yenyewe, ukaiweka saa yako. Ukanipa ukiwa umeridhika. Na mimi niliyekulia chini ya saa yako ya ukutani, ambayo saa moja ni moja na saa mbili ni mbili, sikuona ajabu yoyote. Miezi minane nimeisoma saa ile kama ilivyo. Watu wote nchini wanaona tatu wanasema tisa, wanaona tisa wanasema tatu, sisi wawili tu ndio tunaona tatu tukasema tatu.

Kwa hiyo simu si feki, wala wewe hukupigwa. Ilikuwa imeachana na wenzake kwa masaa sita, na lile duka likiona simu inaleta saa isiyoeleweka linakataa kuifungulia. Lilikuwa limeniambia tangu siku ya kwanza, kwa herufi zile ndogo, nami nikamwuliza Skola nikaridhika.

Skola akanionyesha mahali pa kubonyeza. Nikairudishia simu kazi ya kujipangia saa yenyewe. Ile 11 ikageuka 5 mbele ya macho yangu. Nikaingia dukani, akaunti ikakubali mara moja. Nikabonyeza. Kiduara kikazunguka, nikafumba macho.

"Fumbua," Skola akasema. "Imeshuka."

Baba, nilipiga kigelegele mpaka mlinzi akaja mbio na rungu!

Ijumaa Mama Mgaya alipopita, nilimpa simu kwa mikono miwili. Akaiangalia, akaniangalia, akasema, "Mbona unacheka?" Nikamweleza. Akasimulia karakana nzima, na sasa wewe ni mtu maarufu hapa. Wanakuita Mzee Saa Sahihi, na kila asubuhi wananiuliza baba yako anasema saa ngapi. Na yule fundi wa Njombe nilimpelekea picha, simu yangu iko juu ya mashine namba tatu, na sweta nusu linashuka chini. Hajajibu mpaka leo.

Kwa hiyo endelea kuwaambia watu kanisani, sasa ni kweli. Nimefuma wiki nzima, mgongo unauma na nina furaha sana. Na hapa tuna desturi kwamba sweta la kwanza la fundi haliingii stoo, anampa amtakaye. La mchungaji litakuja, lakini la kwanza ni lako, liko kwenye mfuko huu anaokuletea dereva wa lori la viazi. Usije ukasema nimekosea vipimo. Mkono wa kushoto nimeufuma mfupi kidogo makusudi, ili usihangaike kuuvuta kila unapotaka kuangalia saa yako ya mkononi.

Nisalimie Mama, umwambie kigelegele nilichopiga ni kile chake. Nisalimie dada aliyeolewa Iwawa na wanawe, kaka na wifi huko Lugarawa wakija, shangazi wa ng'ambo ya mto, na mwalimu wa kwaya, namwomba radhi kwa video nilizofuta. Mchungaji anipe kipimo cha kifua.

Na simu ya mtu mwingine yeyote usiiguse, Baba, nakuomba. Yangu tu ukiitaka nitakupa.

Nimemaliza kuandika sasa hivi. Simu inasema nne. Nimeiacha iseme inavyotaka, maana ndivyo ilivyonipatia mashine. Lakini mimi na wewe tunajua, Baba, ni saa kumi.

Mimi mwanao,
Edina,
fundi, mashine namba tatu.