Kopo la Vioja

Kwako mdogo wangu,

Huku hatujambo, ila cherehani yangu imeanza tena kuruka mishono, na paka amezaa ndani ya kapu la vitambaa.

Kopo lako la sarafu zilizokosewa kiwandani bado ninalo. Mama alikuwa akiziita vioja vyako, akisema hata muuza karanga hazitaki. Sasa hataki kingine. Kila asubuhi anazisugua kwa majivu, eti ukirudi uzikute safi. Najua ulikataza zisiguswe hata kwa kitambaa. Lakini nikizificha analia mpaka majirani wanakuja, na nikimrudishia anazifuta sura. Nimeishiwa ujanja.

Ile yako yenye kichwa kilichopigwa chapa mara mbili imebaki kipara kabisa. Aliigeuzageuza, akaniuliza, "Hivi huyu alikuwa nani?"

Juzi nimemkuta ameishusha picha yako ukutani, anaisugua kwa majivu yaleyale. Uso wote umekwisha, imebaki kola ya shati. Akaniuliza swali lilelile.

Kwa sarafu, nisamehe. Usitume chochote, mdogo wangu. Lete uso.

Ni mimi dada yako, fundi nguo.