Kaka Hamisi, Agostino Hakukuua

Kaka Hamisi,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako siwezi kuiuliza, na ya kwetu sijui niiite nzuri au mbaya. Mama sasa anakula, kidogo kidogo. Mkeo Somoe yumo chumbani mwenu, bado anakaa eda. Mimi mdogo wako sijaimba tangu ile harusi ya Ziwani. Nikifungua mdomo, wimbo hautoki.

Nakuandikia kwa sababu yametokea mambo nyuma yako, na nisingependa uyasikie kwa mwingine. Yanamhusu Agostino, mpiga dramu wetu.

Unaikumbuka siku aliyoileta ile amplifaya? Aliichukua ng'ambo, kwa shemeji zake wa Msumbiji, akaifunga kwa kanga mbili kuukuu, akavuka nayo Ruvuma pale Kilambo akiwa ameipakata ndani ya mtumbwi. Mikono ilimuuma siku mbili hata kupiga dramu hawezi. Wewe ulifungua mgongo wa amplifaya palepale ukumbini kwa Mama, ukatuonyesha valvu, zile chupa za kioo zilizosimama safu. "Zaituni," ukaniambia, "sauti inakaa humu." Mama akauliza mbona limekuwa kuukuu hivyo lidude lenyewe. Ukamjibu, "Mama, na wewe je? Mbona ukiita watu, mpaka sokoni wanageuka?" Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Ulikuwa na taratibu zako. Uliiweka mbali na ukuta ipate hewa, maana ilishika joto kama jiko. Waya wa spika kwanza, umeme baadaye; ulituambia ikiwashwa bila spika itajiunguza yenyewe. Kisha swichi ya kwanza, na sisi sote tunangoja zile chupa zipate wekundu. Mtu akikuharakisha unasema, "Iacheni inywe chai." Ndipo swichi ya pili, na gitaa linaamka. Watu wa harusi walikuwa wanalalamika tunachelewa, wewe wala.

Lakini plagi yake ilikuwa ya miguu miwili, na soketi za kwetu zina matundu matatu. Ukawa unachomeka kijiti tundu la juu ili yale ya chini yafunguke, kama tunavyofanya wote tukichaji simu. Na siku nyingine nyuzi za gitaa zilikung'ata. Unatikisa vidole, unaicheka, unageuza plagi upande wa pili, basi, imekwisha. "Leo inanitekenya," unasema. Na sisi tunacheka. Hakuna kati yetu aliyejua kule kutekenywa ni nini. Wewe hukujua. Agostino hakujua.

Siku ya Ziwani siwezi kuieleza yote. Nitaandika kinachohitajika tu.

Mvua ilikuwa imenyesha adhuhuri. Turubai lilikuwa linadondosha maji, chini tope, nawe umevua viatu kwa sababu vilikuwa vipya. Wimbo ulipofika mahali pa kuitikia ukasogea kwenye maiki yangu kama kawaida yetu, tuimbe wawili. Mkono wa kushoto umebaki kwenye nyuzi. Wa kulia ukashika kile chuma cha maiki ukivute kwako.

Ulianza kutetemeka. Watu wakapiga vigelegele, kaka. Walidhani ni mbwembwe za mpiga gitaa. Mwanamke mmoja alikuja na noti mkononi akutuze. Mimi nilikuwa karibu yako kuliko wote, nikaona macho yako, nikanyoosha mikono nikuvute.

Agostino aliruka juu ya dramu zake. Alinipiga kikumbo cha bega, nikaanguka ubavu kwenye tope, naye anapiga kelele, "Usimshike! Usimshike!" Akakimbilia ukutani, akang'oa waya mzima kwenye soketi. Hapo ndipo mkono wako ulipoachia. Tulikubeba kwa gari la maharusi, bado lina maputo. Njia nzima nilikuwa nakuita, na Agostino anakubonyeza kifua, jasho linamdondoka juu ya shati lako. Hospitali walikupokea, wakatutazama, wakakufunika.

Tulikuzika kesho yake Mikindani, karibu na Baba.

Agostino alikuja kuzika. Alikuwa amevaa ile suruali yake nyeusi ya jukwaani, nadhani hakuwa na nyingine nyeusi. Ba'mdogo Selemani alimzuia mwanzo wa mtaa, mbele ya watu wote. "Umemletea mwanetu chuma chenye majini kutoka huko kwenu," alimwambia. "Na dada yake alipotaka kumwokoa ukamwangusha. Umati mzima umekuona. Sasa unakuja kuhesabu mavuno yako?"

Na kweli umati ulimwona. Hicho ndicho kilichommaliza. Watu mia walimwona akinisukuma, na kila mmoja macho yake ndiyo shahidi wake. Nilipopata nguvu ya kusema nikasema, alinisukuma ili nisife na mimi. Wakanitazama kwa huruma. "Maskini, hata akili ya dada mtu ameishika," shangazi mmoja akasema, nami nimekaa pale pale. Ukishaambiwa umerogwa, kaka, kila neno utakalosema linakuwa dalili.

Alirudi kwake Ziwani bila kutupa udongo kaburini kwako. Kabla ya arobaini yako, vijana wakamwendea. Dramu zake walizichoma uani. Mikorosho yake ile iliyokuwa imeanza kuzaa vizuri waliikata, yote. Mkewe alikuwa ndani akisikia mashoka. Mume na mke wakafunga walichoweza kubeba, wakaenda kwa binti yao Tereza, Kilambo, na yeye Agostino akavuka kabisa ng'ambo.

Hakuna aliyekamatwa. Watu walipita hapo wakiokota kuni.

Aliyekataa haya ni mkeo. Somoe haongei sana, unamjua. Siku moja aliniita chumbani, akanishika kiganja. "Wifi, mimi nataka kujua kilichomuua mume wangu. Kama ni mtu, nimjue. Kama ni waya, niuone." Basi nikamtafuta Fundi Issa, yule wa Naliendele anayetengeneza mota za pampu na redio za zamani. Niliwaeleza Mama na Ba'mdogo waje washuhudie. Ba'mdogo alikuja kwa shingo upande, akakaa kiti cha mlangoni.

Somoe alikaa nyuma ya pazia la chumba, maana yuko eda na fundi si mtu wake. Yeye ndiye aliyeuliza maswali kuliko sisi tuliokaa mbele.

Fundi hakuigusa kwanza ile amplifaya tuliyoirudisha kwa Mama. Alituambia chombo cha namna hii kinaweka umeme tumboni hata kikishachomolewa, kwa hiyo mtu asikifungue kwa pupa. Akakifungua, akaunyonya ule umeme uliobaki kwa kifaa chake, mkono mmoja anafanya kazi, mwingine ameuweka mgongoni. Nilimuuliza kwa nini. "Nikiteleza," akasema, "umeme usipate njia ya kupita kifuani." Nilitoka nje kidogo. Nilirudi.

Ndani kulikuwa na kapasita moja, kitu cha ukubwa wa kokwa ya tende, kimeunganisha waya wa umeme na bodi ya chuma. Kiliwekwa na waliotengeneza, zamani hizo, ili kupunguza muungurumo. Kilikuwa kimepasuka na kuungua. "Hiki kikifa vibaya," fundi akasema, "bodi yote inakuwa na umeme. Na nyuzi za gitaa zimeungana na bodi."

Somoe akasema nyuma ya pazia, "Mbona siku nyingine alikuwa anapiga salama?"

Fundi akachukua balbu ya kawaida yenye nyaya mbili. Mmoja akaufunga kwenye bodi ya amplifaya, wa pili akaupeleka kwenye ethi, ule waya wa usalama unaokwenda ardhini. Akatuamuru tukae mbali. Akachomeka plagi. Balbu ikabaki giza. Akachomoa, akaigeuza upande wa pili, akachomeka tena.

Ikawaka. Ukumbi mzima wa Mama ukaangaza, mchana ule, mpaka nikaona vumbi kwenye picha ya Baba.

Mama alisimama, akaisogelea, akauliza kwa sauti ndogo, "Huo ndio uliomwingia mwanangu?"

"Ndio huo, Mama. Maiki ilikuwa na ethi, gitaa lilikuwa na umeme. Yeye akawa katikati. Na huyu binti angemshika, mngezika wawili."

Nilisikia Somoe analia. Si kile kilio cha msibani. Kidogo, kama mtu aliyetua mzigo kichwani akagundua shingo inauma.

Ba'mdogo akasimama. "Na nani aliiambia hiyo plagi igeuke siku ile?" akasema. "Na nani aliileta?" Akatoka. Yapo maswali ambayo mtu anayauliza ili asije akajibiwa.

Fundi alikitoa kile kitu kilichokufa. Aliweka waya mpya wa nyaya tatu, ule wa ethi akaufunga kwa skrubu kwenye bodi, akaweka fyuzi inayostahili na plagi ya miguu mitatu. Akapima tena na balbu, huku na huku. Giza. Akasema sasa ni salama kama pasi ya nguo. Ilikuwa kazi ya kipindi kati ya adhuhuri na alasiri, kaka. Kazi nyepesi hivyo.

Mama hakuitazama tena. Alikuwa anatafuta viatu vyake. "Zaituni, Kilambo kuna gari saa hizi?"

Tulikwenda asubuhi yake. Tereza alitupokea uani, hakutukaribisha ndani, wala sikumlaumu. Mkewe Agostino alikuwa anamenya mihogo. Alituona, akaendelea kumenya. Mama alikaa chini kwenye mchanga, yeye na magoti yake yale, akasema hatoki mpaka ujumbe uvuke. Tereza akatafakari, kisha akamtuma mwenye mtumbwi.

Agostino alikuja jua limeanza kupinduka. Amekonda, kaka. Alishuka majini, akasimama mbali kidogo na sisi, kofia mkononi. Mama akaanza kusema tumekuja kukuomba radhi, tumeona kwa macho yetu, ni waya, ulimwokoa mwanangu huyu mmoja aliyebaki. Alisema yote. Agostino alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama Hamisi," akasema, "dramu ni ngozi tu. Mikorosho ni miti. Lakini mimi pia mtu wangu kafa. Mimi na Hamisi miaka yote, sahani moja. Mlinifukuza kama mbwa, hata kumlilia sikumlilia. Ng'ambo kule nikilia, wananiuliza, unamlilia nani?"

Nilimwomba arudi Ziwani, nikamwambia tutasimama naye kwa mwenyekiti wa kijiji, tutasema mbele ya watu. Akatikisa kichwa. Mkewe amekataa kusikia hata jina la mahali pale. Nikamwambia amplifaya imetengenezwa, ni yake akiitaka. Akasema hataki kuiona, ila tusiivunje; haikukusudia. Kitu kimoja tu alikitaka. Aonyeshwe ulipolala.

Kwa hiyo yule uliyemsikia juzi alikuwa yeye. Kesho yake tulishuka naye garini, tukapita mtaa mzima wa Mikindani kwa miguu, Mama kamshika mkono kama anamwongoza mgonjwa. Milango ilifunguka, watu wakachungulia. Wengine waliitikia salamu. Ba'mdogo alikuwa barazani. Alituona tukija, akaingia ndani na kufunga. Vijana waliokata mikorosho nawajua wawili. Walikuwa kijiweni, wakainamia simu zao.

Kaburini Agostino hakujua afanye nini, yeye Mkristo. Alisimama wima, mikono imening'inia. Mama akamwambia, "Lia, baba. Lia." Na kaka, alilia. Alipiga magoti, akasema nawe kwa Kimakonde, maneno mengi. Mimi sikuyaelewa, wewe ndiye uliyekuwa ukizungumza naye lugha yake, basi umeyasikia mwenyewe. Mama alisimama juu yake na ule mwavuli wake, kumkinga jua, mpaka alipomaliza.

Alirudi Kilambo na gari la jioni. Hajaahidi kuja tena.

Nimeandika nikafika hapa na bado najiona sijakwambia kitu. Ulikuwa na viatu vipya. Vipo. Somoe amevifuta tope, kaviweka chini ya kitanda.

Sasa nikuache, kaka. Mola akupanulie nyumba yako na akuwashie nuru humo isiyomdhuru mtu. Ninakuahidi mawili. Siku koo langu likifunguka, sitasimama kwenye maiki kabla fundi hajapima kila chombo kilichochomekwa, harusi ikingoja ingoje. Na Agostino akitaka kuja kwako, wakati wowote, nitamfuata Kilambo mimi mwenyewe, na tutapita katikati ya mtaa, jua likiwaka, kila mlango utuone.

Mdogo wako,
Zaituni